Kitufe Kisicho na Jina

Nilidhani nimemaliza.
Tovuti ya zahanati yetu, Lamu, mtaa wa Langoni,
rangi ya mchanga juu ya rangi ya maziwa,
herufi nyembamba kama uzi wa kofia ya vito,
na picha saba nilizopiga mwenyewe.
Daktari akasema imependeza.
Karani akasema imependeza.
Nikalipwa nusu.

Ndipo Mwanamize akaja, fimbo ikigonga mawe,
punda wa mchanga wakimpisha.
Kila mtu barazani alidhani ni macho.
"Macho nishayazoea," akasema. "Ni jino."

Akaweka simu sikioni. Kidole kikateleza,
na sauti ikaanza kumsomea,
sauti ya kigeni, inatafuna Kiswahili
kama mgeni na mkate wa mofa wa jana:
Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.
Picha mia tatu na kumi na mbili.
Kitufe.

"Mwanangu," akasema, "umenijengea nyumba
ya milango arubaini,
na kila mlango umeuita mlango.
Wa choo ni upi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, shavu limevimba.

Na mwisho wa fomu nilikuwa nimetega fumbo
la kuzuia mashine: chagua picha zote
zenye taa za kuongoza magari.
Lamu hii! Hata mwenye macho mawili
angeuliza, taa gani?
"Inataka nini?" akauliza.
"Inataka kujua kama wewe ni mtu."
"Basi iambie."

Usiku ule nilisimama nje ya mlango wetu.
Babu aliuagiza kwa fundi wa nakshi,
maua ya yungiyungi, misumari ya shaba,
na kizingiti cha shubiri moja na nusu.
Kaka yangu Lali, tangu aanguke darini,
huvushwa hapo kama gunia la mchele
na watu wanaompenda.
Wageni huja kuupiga picha mlango.
Kizingiti hakuna anayekipiga.
Na mimi niliyembeba Lali miaka sita,
mimi ninayekijua uzito wake kwa mgongo,
nilikwenda nikakaa kwenye kompyuta
nikachonga kizingiti kingine.

Nikaanza upya. Si kazi ya kusifiwa.
Nikakoza wino mpaka karani akanung'unika.
Kila kitufe nikakipa jina:
Weka miadi. Badilisha siku. Rudi.
Fumbo nikaling'oa.
Vitufe nikavipanua kwa ajili ya mzee Famau,
ambaye mikono yake hutetemeka,
aliyekuwa akigusa Presha
ikamfungukia Uzazi.

Zikabaki picha. Ya kwanza nikaiandikia:
mandhari ya kuvutia.
Mwanamize akanipigia.
"Imemvutia nani? Niambie kuna nini."

Nikaitazama picha yangu mwenyewe
kama niliyeletewa na mtu mwingine.
Ukuta wa chokaa, umebanduka pembeni.
Bomba linadondoka kwenye ndoo ya buluu.
Kandambili tatu, mbili za mguu wa kushoto.
Paka amelala ndani ya mzani wa watoto wachanga,
na mzani unasema kilo tatu na nusu.

Kimya. Kisha:
"Paka? Kwenye mzani?"
Akacheka mpaka akalia, "Ai, jino langu!"
Miezi mitatu picha ile ilikuwa hapo
na mimi sikuwa nimemwona paka.

Miadi aliiweka mwenyewe, barazani,
kabla kahawa yake haijapoa.
Jumanne, saa tatu asubuhi, jino.
Ile sauti ikamsomea kila kitu sawasawa,
siku, saa, chumba, ikafika kwenye jina lake
ikajikwaa: Mwa. Na. Maizi.

Akageuza uso upande wangu.
"Vitufe vyako vyote sasa vina majina," akasema.
"Langu je?"
Sikuwa na la kumjibu.
Nikaandika kwenye karatasi, chini ya orodha ya kazi.